Kwa Nini Mke Ndiye Hupaka Nta Mlango wa Mzinga Mpya

Hapo kale, nyuki walipokuwa hawajui njia ya kurudi kwao, na watu wa Ilagamba hawajui wapige hodi wapi wakitaka asali, nchi ya miombo ilikuwa na fujo kubwa. Kundi la nyuki likihama lilitua popote lilipochokea. Lilitua kwenye kinu, na mwenye kinu akashinda siku tatu bila unga. Lilitua ndani ya ngoma ya harusi, na harusi ikachezwa kwa makofi. Siku moja lilitua kwenye kofia ya mzee aliyekuwa akisinzia barazani, na mzee huyo alikaa hapo tangu asubuhi hadi jua la utosi bila kupepesa jicho. Wakati huohuo mizinga ambayo wanaume waliichonga kwa jasho na kuipandisha mitini kwa kamba ilikaa mitupu, ikageuka nyumba za mijusi.

Sababu yake ilikuwa ndogo, ila hakuna aliyeiona. Siku hizo nta ilikuwa uchafu. Mtu akishakamua asali, masega yaliyobaki aliyatupa jaani, yakachomwa pamoja na maganda ya karanga na nyasi za paa bovu. Basi nyuki waliohama walikuwa hawana hata harufu ya kwao ya kufuata. Waliranda tu. Warina asali nao waliranda nyuma yao, wakitazama juu mpaka shingo zikauma, na ukiwaona hukujua nani anamtafuta nani.

Katika warina asali hao alikuwamo Mgalula, mwanamume wa makamo, mchongaji hodari wa mizinga na mtu wa hasira za karibu. Kipande chake cha msitu kilikuwa ng'ambo ya kijito, penye miti mirefu ya mitundu na mininga. Alikirithi kwa baba yake, na baba yake alianguka humohumo kutoka juu ya mninga, akazikwa papo hapo chini ya mti uliomwangusha. Kila baada ya mvua Mgalula alikwenda kupalilia kaburi lile, akakaa kidogo, akampa mzee habari za nyumbani.

Sasa, msitu ulikuwa na mwenyewe wa kuugawa, mzee Luhaga, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Mwezi ulipoandama mwishoni mwa msimu, mzee huyo alipita kipande kwa kipande, akigonga kila mti wenye mzinga ili asikie kama kuna mvumo ndani. Kipande ambacho misimu mitatu mfululizo hakikuwa na walau mizinga mitano yenye nyuki kilirudi mikononi mwake, akapewa mtu mwingine. Kwa Mgalula misimu miwili ilikuwa imeshapita bila mvumo. Huu wa tatu ukipita vilevile, ingembidi aombe ruhusa ya mtu baki kila atakapotaka kung'oa magugu kwenye kaburi la baba yake. Jambo hilo lilimnyima raha kabisa, hata ugali aliutafuna bila kuusikia.

Na katika mwaka huohuo mbaya, mkewe naye akaanza mambo yake.

Mkewe aliitwa Nyamizi. Binti yao wa pekee, Nyanzala, alikuwa ameolewa kijiji cha mbali, na nyumba ikabaki kimya. Nyamizi alikuwa mwepesi wa kazi, shamba lake likapaliliwa kabla ya mashamba ya wenzake, mtama wake ukatwangwa mapema, halafu akabaki na mikono isiyo na shughuli. Siku moja alikwenda kumwaga majivu jaani akaona donge la nta limelainishwa na jua. Alilibonyeza kwa kidole. Alama ya kidole ikabaki. Akalibonyeza tena, na tena, kisha akatazama kulia na kushoto, akalitia kwenye kanga na kwenda nalo nyumbani.

Kesho yake alirudi kuchukua mengine. Aliyachemsha na maji kwenye chungu, akachuja kwa kitambaa kikuukuu, uchafu ukabaki juu ya kitambaa, na yale maji yalipopoa nta ikaganda juu yake, duara la manjano safi. Akasokota uzi wa pamba juu ya paja, akauchovya kwenye nta iliyoyeyuka, akauinua, akaungoja upoe, akauchovya tena. Siku hizo kitu hicho hakikuwa na jina. Tukiite mshumaa, kama tunavyokiita leo. Mishumaa yake ya kwanza ilitoka imepinda kama mihogo ya ardhi ngumu. Akatafuta njia nyingine. Alikata vikonyo vya majani ya mpapai, ambavyo vina uwazi ndani, akaziba upande mmoja kwa udongo, akapitisha uzi katikati, akamimina nta. Ilipoganda alimenya kikonyo, na mshumaa ukatoka umenyooka, unang'aa, unanukia asali. Nyamizi alifurahi, akacheka peke yake jikoni.

Kisha alifanya jambo lililowashinda watu kabisa. Mchana kweupe, kazi zikiwa zimekwisha, aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango, akawasha mshumaa mmoja, akakaa akiutazama.

"Ya nini hiyo?" jirani zake walimuuliza. "Mafuta ya nyonyo yapo. Kuni zipo. Jua lenyewe hilo nje."

"Nafanya tu, dada."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Kuna mtu kakuagiza?"

"Hakuna."

"Sasa ya nini?"

Nyamizi alicheka, kwa sababu jibu hakuwa nalo. Alipenda nta inavyobadilika rangi ikipata moto, akapenda kungoja. Lakini ukimwambia mtu unapenda kungoja, atakushika kipaji aone kama una homa. Jirani walirudi makwao wakitikisa vichwa, na mmoja aliapa kwamba amemwona Nyamizi akizungumza na chungu.

Mgalula ndiye aliyechanganyikiwa kuliko wote. Mke akiumwa, unampeleka kwa mganga. Mke akiwa mvivu, unamsema. Lakini mke mzima wa afya, shamba limepaliliwa, ugali umeiva, naye ameketi katika giza alilolitengeneza mwenyewe anatazama uzi unaoungua, huyo unamfanyaje? Mgalula aliwaza hayo huku akichonga, na shoka likawa linamkosakosa vidole.

Alichonga mizinga kumi msimu ule. Aliipanga chini ya upenu ikauke, kila mmoja na vifuniko vyake viwili vya mbao. Nyamizi, kwa upande wake, alikuwa na shida ndogo. Mishumaa ikiachwa juani ilijipinda, ikiachwa ndani panya waliitafuna. Akaiona ile mizinga, mizuri, yenye kivuli ndani. Alifungua mmoja, akatundika mishumaa mitano kwenye kijiti alichokikingamisha ndani, akarudisha kifuniko. Hakuona kosa lolote, maana alikuwa na nia ya kuitoa jioni.

Jioni haikufika. Adhuhuri ileile Mgalula alikunywa uji ukamganda kwenye meno. Kumbe Nyamizi aliuchemsha uji kwenye chungu cha nta, hakukiosha vizuri. Mume alifoka, mke akajibu, mume akafoka zaidi, akatoka nje kama aliyefukuzwa. Aliubeba mzinga wa kwanza uliokuwa karibu na mkono wake, akaenda nao msituni bila kutazama nyuma, akaupandisha juu ya mninga karibu na kaburi la baba yake. Ninyi mmeshajua ni mzinga gani. Yeye hakujua.

Siku zilizofuata, hasira zikiwa zimepoa, aliipeleka mingine tisa kwa utulivu. Nyumbani Nyamizi alikuwa akiinua vyungu na kupekua majamvi, akiitafuta mishumaa yake mitano. Aliwashuku panya, akamshuku mbuzi wa jirani, akashuku hata kumbukumbu yake mwenyewe. Hakukumbuka kama aliitoa mzingani au la, na mizinga yote ilikuwa imeshaondoka. Yeye hakumwambia mumewe, kwani tangu siku ya uji mume alikuwa akinuna kila akisikia nta ikitajwa.

Siku ya nne Mgalula alikwenda kutazama. Mizinga tisa, kimya. Ule wa kwanza ulikuwa unavuma, na nyuki wanaingia na kutoka kama watu wa soko. Alikaa chini akautazama mpaka macho yakatoka maji. Misimu mitatu alikuwa hajasikia mvumo kwenye mti wake. Kwa nini huu? Kwa nini si ule wa pili, uliochongwa kwa gogo lilelile?

Alianza kupima. Pengine ni mti, akasema, na akahamishia mzinga mwingine kwenye mninga uleule, tawi la pili. Nyuki wa mzinga wa kwanza waliupita bila hata kuusalimia. Pengine ni kamba. Akabadilishana kamba. Pengine ni upande wa mlango. Akageuza mizinga yote ielekee mawio, halafu machweo, halafu mmoja huku na mmoja kule. Hakuna kitu. Alilala akiwaza, akaamka akiwaza, kichwa kikamzunguka. Hatimaye akakumbuka jambo moja tu lililotofautisha siku ile na siku nyingine zote. Siku ile alikuwa amegombana na mkewe.

Ukiwa umechanganyikiwa vya kutosha, jambo lolote linalofanana na sababu utalikumbatia. Asubuhi ile Mgalula aliteremsha mzinga mmoja, akaurudisha nyumbani, akauweka uani, akaingia ndani kutafuta ugomvi.

"Mama Nyanzala," alisema, "huu ufagio kwa nini umesimama?"

Nyamizi alimtazama. "Usimameje?"

"Ufagio mzuri hulala."

"Haya, nimeulaza."

Mgalula akatoka uani. Aliubeba mzinga, akaupandisha, akangoja siku tano. Nyuki hawakuja. Akaona kosa ni lake, ugomvi ulikuwa mdogo mno. Akagombana kuhusu chumvi. Akagombana kuhusu jogoo anayewika kabla ya wakati. Nyamizi alizidi kupotea. Kila baada ya siku chache mumewe aliingia ndani na uso wa mtu anayefanya kazi, akafoka kidogo, akabeba mzinga akaondoka zake, na akirudi alikuwa mpole kabisa. Aliwaza kwamba labda jua limempiga.

Siri hiyo Mgalula alimwambia rafiki yake mmoja tu, Kiyungi, aliyepakana naye msituni. Kiyungi naye alimwambia mmoja tu. Kabla ya wiki kuisha Ilagamba nzima ilikuwa kelele tupu. Wanaume wapole ambao hawakuwahi kuinua sauti walisimama milangoni wakilalamikia maji kuwa na maji mengi. Wanawake walikutana kisimani wakaulizana kuna nini mwaka huu. Wawili walifunga mizigo wakarudi kwa wazazi wao. Mizinga ilipandishwa kwa wingi, na nyuki wakaendelea kutua kwenye vinu.

Hapo Mgalula alipaswa kuacha. Lakini siku zilikuwa zinakwisha. Mzee Luhaga alikuwa ametuma neno: mwezi ukiandama anapita. Zilibaki siku chache zaidi ya kumi, na mzinga wenye mvumo ulikuwa mmoja. Mgalula aliingia jikoni akiwa na hofu kifuani, akamkuta Nyamizi ameinamia chungu cha nta, anachovya uzi taratibu, anaimba. Wimbo ule ulimkera, kwani yeye alikuwa anapoteza kaburi la baba yake.

"Mwanamke mwenye akili hawezi kukaa anacheza na takataka za jaani," alisema. "Nyumba inaanguka, wewe unapika uchafu! Kijiji kizima kinanicheka kwa ajili yako."

Kisha akakipiga chungu teke. Nta ilimwagika mavumbini, ikaganda na mchanga na manyoya ya kuku.

Nyamizi aliinama. Aliokota vipande vya chungu, akavitoa nje, akanawa mikono, akaanza kuchambua mboga. Mgalula alisimama pale akingoja ugomvi. Alikuwa amekuja kuuigiza, na sasa hakujua anachokiona mbele yake ni nini. Alibeba mzinga akaenda nao msituni, lakini alipofika juu ya mti alisahau kilichompandisha. Aliona haya. Aliteremka bila kuangalia upande wa kaburi.

Tangu siku ile nyumba ilikuwa na amani ya ajabu. Nyamizi alipika, akafagia, akaitika akiitwa. Hakuyeyusha nta tena. Mchana hakuingia chumba cha ndani, alikaa mlangoni mikono imelala mapajani. Mgalula alikuwa ametaka hayo kwa mwaka mzima, na alipoyapata hakuweza kuyavumilia. Hakuelewa kwa nini anamwonea huruma mtu ambaye ameacha upuuzi. Hakuelewa kwa nini nyumba yake inanuka majivu tu.

Zilipobaki siku tisa, alichukua kijinga cha moto na majani mabichi, akaenda kuufungua ule mzinga mmoja. Alitaka apate sega la asali ampelekee mzee Luhaga, amwombe msimu mmoja zaidi. Alipuliza moshi, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia.

Ndani kulikuwa na mishumaa.

Kwanza alidhani kuna mtu anamchezea. Halafu, kwa muda ambao baadaye hakupenda kuuzungumzia, aliamini kwamba nyuki wenyewe wameitengeneza, kwamba wazimu wa mkewe umeambukiza hata wadudu. Mishumaa ilining'inia kwenye kijiti, na nyuki walikuwa wameanzia hapohapo kujenga. Sega moja lilishikana na mshumaa huu, la pili na ule, meupe, mapya, na tambi zilitokeza chini. Mgalula alivuta uzi mmoja kwa ncha ya kidole. Ulikuwa na fundo mwishoni, fundo dogo la kurudia mara mbili, analofunga Nyamizi kwa meno.

Alikaa juu ya tawi muda mrefu, nyuki wakimpita masikioni. Akili yake ilirudi nyuma hatua kwa hatua: uji, hasira, mzinga wa karibu na mkono, mke anayeinua vyungu akitafuta mishumaa mitano. Kumbe si ugomvi. Nyuki walinusa kwao. Hakuna mtu tangu dunia ianze aliyewahi kuwawekea nyuki nta yao mlangoni, isipokuwa mwanamke yule, naye aliiweka kwa bahati mbaya. Na teke lile alilopiga, alilipiga kitu pekee ambacho kingemsaidia. Mgalula alilia juu ya mninga, mtu mzima, na hakujali.

Alikata sega moja pamoja na mshumaa wake, akalifunga kwenye majani, akarudi nyumbani.

"Mama Nyanzala, mishumaa yako nimeiona."

Nyamizi hakugeuka. "Mishumaa gani? Mimi siku hizi nina akili."

Mgalula alisogea karibu. Alifungua majani, akaliweka sega miguuni pake, akarudi nyuma. Nyamizi alitazama. Aliliinua kwa mikono miwili, akaligeuza, akaona pale ambapo nta yake na nta ya nyuki zimeshikana hata hujui mwisho wa hii na mwanzo wa ile. Machozi yalimtoka, na akacheka humohumo.

"Kumbe walikuwa wao," alisema. "Kijiji kizima kimeniuliza ya nini. Wewe umeniuliza kwa mguu. Hawa hawakuuliza, wameingia wakajenga."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia."

"Basi tupake ile mizinga mingine. Zimebaki siku tisa."

"Sijasema nimekusamehe, Baba Nyanzala. Nimesema nimekusikia. Mkono wangu haupaki mlango wa mtu ambaye neno lake bado linaniuma. Ngoja."

Mgalula akangoja. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kwa sababu haikuwa na shoka wala kamba. Aliirudisha mizinga tisa kutoka msituni, akailaza uani. Siku ya kwanza alipiga magoti jikoni akabandua nta mavumbini kwa kucha. Siku ya pili alikwenda jaani, mbele ya macho ya watu, akakusanya masega ya zamani ambayo hayajachomwa. Wapita njia walimuuliza ya nini, na akagundua kwamba hajui aanzie wapi kueleza. Siku ya tatu aliazima chungu akayeyusha mwenyewe. Hakuchuja. Alichovya uzi, akauinua haraka, nta ikamdondokea mguuni, akaruka. Kilichotoka kilikuwa kizito upande mmoja, kina mchanga, na kimeota unyoya wa kuku kichwani. Alikishika akikitazama kwa makini, hajui kama kimekamilika au kimeharibika.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni. Alijizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamshinda.

"Lete hapa," alisema. "Utachoma nyumba."

Siku hiyo walifanya kazi pamoja hadi nta ikaisha, yeye akimimina, mume akimenya vikonyo vya mpapai kama alivyoelekezwa. Kulipopambazuka waliondoka wote wawili na mizinga. Mwanamke alikuwa haingii msitu wa asali siku hizo, na wanaume waliokutana nao njiani walisimama midomo wazi, lakini Mgalula alipita bila kueleza. Chini ya kila mti Nyamizi aliusugua mlango wa mzinga kwa mshumaa, tundu lote kuzunguka, na ndani kidogo, mpaka mbao ikanukia. Mume akaupandisha. Mzinga wa tisa ulipofika juu, jua lilikuwa limeanza kulegea, na zilibaki siku tano.

Walingoja. Siku ya kwanza hawakuona kitu. Siku ya pili nyuki watatu walizunguka mlango wa mzinga mmoja, wakaingia, wakatoka, wakaondoka, na Mgalula hakupata usingizi. Siku ya nne kundi zima lilivuka kijito, likapita juu ya vichwa vyao, na safari hii halikwenda kwenye kinu cha mtu, na makundi mengine yakalifuata.

Mzee Luhaga alipita mwezi ulipoandama. Aligonga mti wa kwanza, ukavuma. Wa pili, ukavuma. Alikwenda hadi mwisho, na mizinga saba ikamjibu kati ya kumi. Hakuamini. Alirudi kwenye mti wa kwanza akaugonga upya.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Muulize Mama Nyanzala, mzee. Mimi nilifanya makosa tu."

Nyamizi aliinama kwa heshima. "Sijafanya kitu, baba. Nilikuwa najipumbaza na nta. Halafu tukagombana, halafu tukapatana, halafu nikapaka."

Luhaga aliwataka waeleze tena, polepole. Walieleza mara tatu, na kila mara maelezo yalizidi kumpoteza. Kama ni nta, mbona mtu hakuijua tangu enzi za babu zake? Kama ni mkono wa mwanamke, mbona haukuhitajika zamani? Kama ni kupatana, nyuki wanajuaje? Alikaa juu ya jiwe akafikiri. Na kwa kuwa hakuelewa ni lipi hasa kati ya hayo lililofanya kazi, aliamuru yote matatu yashikwe, bila kupunguza hata moja. Kisha akasema kipande ni cha Mgalula, akashika fimbo yake akaenda zake akinung'unika.

Mgalula alitembea hadi kaburini. Magugu yalikuwa yamepanda magotini. Aliyang'oa yote bila kutafuta ruhusa kwa mtu, na Nyamizi aliinama upande wa pili akang'oa naye.

Na tangu siku hiyo, katika nchi ya miombo, nta haitupwi jaani, na nyuki wanaohama hunusa kwao wakaingia. Mzinga mpya haupandi mtini mpaka mama wa nyumba ameupaka nta mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, naye haupaki kama kuna neno linalomuuma. Wapo wanaume wanaonong'ona kwamba wamewahi kupaka wenyewe kwa siri na nyuki wakaja vilevile, lakini hakuna anayethubutu kulisema hilo kwake nyumbani. Ndiyo maana ukipita mahali ukaona mzinga mpya umelala uani siku ya nane, umekauka vizuri, kamba iko tayari, na mwenyewe ameketi kando yake kimya, usimuulize anangoja nini. Anajua alichokisema.